Mluzi wa Langoni

Jumatatu, 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijambo, ila masikio tu. Kiwandani wameleta mashine mpya ya kukata karatasi, inapiga kelele kama inachinjwa, na sisi wa meza ya kukunja vitabu ndio majirani zake.

Nakuandikia barua kwa sababu najua simu kwako ni ya "umeamkaje" na "haya, kwaheri". Hili la leo linataka nafasi. Mama, nimeupata mluzi wa Baba.

Mwenzangu wa mezani ana kitu kwenye simu yake. Unaiimbia au unaipigia mluzi, hata kama maneno ya wimbo huyajui, yenyewe inatafuta na kukuletea jina. Nilimcheka. Halafu nikakumbuka ule mluzi ambao Baba alitupigia langoni jioni akirudi kazini, sisi ndani tunagombana nani akamfungulie. Unaujua: unapanda, unashuka, unapanda tena, halafu unakatika huko juu kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Tangu tumzike nimekuwa nikiurudia kichwani kwa hofu ya kuusahau. Sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine, nikajua ni wake peke yake.

Tulikwenda kwenye ngazi za nyuma ambako mashine hazisikiki sana. Mara ya kwanza nilicheka katikati, simu ikasema ni wimbo wa watoto wa kuhesabu vidole. Nikarudia, ikaleta tangazo la sabuni. Msimamizi akapita akauliza kama tunalipwa kupiga miluzi. Alipoondoka nilifumba macho nikaupiga kama Baba, mdomo upande, na simu ikatulia, ikaleta picha ya mwanamke aliyesuka nywele juu na jina la wimbo, Dirisha la Pili. Mwimbaji anaitwa Chiriku. Ni wimbo wa zamani, wa enzi za santuri.

Nikaubonyeza, nikalia palepale kwenye ngazi. Ni uleule, na haukatiki pale Baba alipokatia. Unaendelea, unashuka taratibu, mzuri ajabu. Kumbe miaka yote Baba alikuwa anatupa nusu.

Nimekutumia kwenye simu yako, uufungue usikilize. Je, huyu Chiriku unamjua? Baba aliwahi kumtaja? Nimewaza siku ya kuweka jiwe kaburini tuupige, watu wote wausikie.

Mwanao,
Kitindamimba

*

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, na bado sijaona mahali uliponihurumia.

Unaniuliza kama namjua Chiriku. Namjua. Alikuwa anaimba katika ule ukumbi ambao baba yako alikuwa fundi wa spika. Kila bendi ilipofanya mazoezi aliitwa yeye, mara waya umekatika, mara kipaza sauti kinakoroma. Nikawa namuuliza, hivyo vyombo vya ukumbini vinaharibika kila siku kwa nini, kuna mtu anavitafuna? Anacheka. Na tulipooana, kila huyo mwanamke alipotangazwa redioni baba yako aliinuka akazima. Meza nzima imejaa redio za watu, anazima ya kwake. Nikimuuliza anasema betri inakwisha. Nikanyamaza, nikasema ukimchunguza sana bata hutamla. Sasa simu yako imemchunguza.

Kwa hiyo mluzi ulikuwa wa yule. Wewe unadhani ulikuwa wenu ninyi watoto. Kabla hamjazaliwa alikuwa ananipigia mimi, nikiwa msichana, na kwa mluzi huohuo ndio nilimkubali. Nilijua ameutunga kwa ajili yangu. Kumbe nilichumbiwa kwa mtumba. Aliuokota kwenye kinywa cha mwanamke mwingine akaniletea, na mimi nikaupokea na kuutunza moyoni kama mjinga. Na akaendelea kuupiga kwenye lango langu, mimi niko jikoni nampikia, mpaka mwaka aliokufa.

Huo wimbo wako sijausikiliza na sitausikiliza. Simu nimeifunika na sufuria.

Nimekwenda pia kwa mchonga mawe. Nilikuwa nimemwagiza aandike "Hapa amelala mume mwaminifu na baba mwema". Nilimkuta amefika kwenye "mume". Nikamwambia aweke patasi chini. Akauliza aandike nini badala yake, nikamwambia asiandike kitu, hapohapo panatosha. Huko kwenye baba mwema ninyi mtaamua wenyewe, maana ninyi hamkukosewa.

Na ile nafasi kando yake mliyonionyesha siku ya mazishi mkasema ni yangu, siitaki. Nikifa nizikeni kule mwisho kwenye magugu, karibu na ukuta. Siwezi kulala milele ubavuni mwa mtu anayempigia mwingine mluzi.

Mama yako

*

Jumatano, 13 Machi

Mama,

Shikamoo. Nami barua yako nimeisoma nimesimama. Nimekasirika, na sitakuficha.

Baba hana tena mdomo wa kujitetea, na wewe umemhukumu kwa ushahidi wa simu iliyoanza kwa kuniambia ni tangazo la sabuni. Ni Baba huyuhuyu aliyekuwa anakupashia maji ya kuoga kila asubuhi mgongo ulipokuuma. Ni huyuhuyu aliyekataa kazi ya mji mwingine kwa sababu wewe ulisema huko kuna baridi. Leo wimbo mmoja umefuta yote. Watu hupiga mluzi wa nyimbo wanazozipenda, Mama. Msimamizi wangu anapiga nyimbo za jeshi mchana kutwa na hajawahi kushika bunduki.

Na hilo jiwe la "Hapa amelala mume" litakuwa kichekesho. Kila atakayepita atauliza mume wa nani.

Kama wewe humtetei, nitamtetea mimi. Chiriku bado yu hai, kampuni iliyotoa santuri yake imenipa anwani. Nitamuuliza mwenyewe.

Mwanao,
Kitindamimba

*

Ijumaa, 15 Machi

Bibi Chiriku,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni mtoto wa mwisho wa marehemu Fundi, aliyekuwa akitengeneza spika za ukumbi ulikoimba ujanani. Nitauliza bila kuzunguka. Ulikuwa na nini na baba yangu?

Baba alipiga mluzi wa wimbo wako, Dirisha la Pili, kila jioni langoni kwetu maisha yake yote. Redioni ukitangazwa wewe, anazima. Sasa amekufa na hawezi kujieleza. Mama yangu amesimamisha kazi ya jiwe la kaburi lake na amekataa kuzikwa kando yake, kwa sababu yako. Kama kulikuwa na jambo, liseme tulie liishe. Kama halikuwepo, sema pia, kwa mwandiko wako, nipate cha kumwonyesha.

Sina nia ya kukuvunjia heshima. Lakini wimbo wako umeingia kwetu bila hodi na kuvuruga nyumba, nami nina haki ya kuuliza.

Mimi,
Binti wa Fundi

*

Jumapili, 17 Machi

Mwanangu,

Usimwandikie. Sitaki yule ajue kwamba nimeumia. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini kovu ni langu, halipelekwi kuonyeshwa kwa aliyenichoma.

Na usinisifie tena huo mwisho wa wimbo. Mluzi ule ulikuwa na mwisho wake, naujua mimi, na hauhusiani na Chiriku. Basi, usiniulize zaidi.

Mama yako

*

Alhamisi, 28 Machi

Binti Fundi,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ina mwiba ndani.

Nimezoea. Tangu nianze kuimba sijatoa wimbo ambao watu hawakuuliza ni wa mume wa nani. Mwanamume akiimba mapenzi wanasema ana kipaji. Mwanamke akiimba, wake za watu wanaanza kuwahesabu waume zao. Sasa nimezeeka, magego yamekwisha, nafundisha watoto wa watu kuimba hapa sebuleni kwangu, na bado barua zinakuja. Yako ni ya kwanza kunisingizia marehemu.

Baba yako simjui. Labda niliwahi kuuona mgongo wake, maana fundi wa spika muda wote kichwa kimo ndani ya sanduku. Lakini mluzi wake naujua, na simu yako imekudanganya. Si yeye aliyeutoa kwangu. Mimi ndiye niliyeutoa kwake, na sioni haya kusema.

Sikiliza. Juu ya ukumbi tulikuwa na chumba cha kuvalia. Dirisha moja lilitazama karakana ya mafundi. La pili lilitazama nyuma, kwenye kiwanja cha dobi, walikokuwa wanaanika mashuka. Kila asubuhi nikiwa hapo natengeneza nywele, fundi mmoja anaanza mluzi kule karakana. Unapanda, unashuka, unapanda, unakatika. Kimya. Halafu upande wa pili, katikati ya mashuka, anamjibu msichana. Alikuwa anashika vibanio vya nguo kwa meno. Anavitoa, anavitia mfukoni, anafuta mdomo, ndipo anamalizia. Hawakuwa wanaonana, jengo letu limewakinga. Mluzi ndio uliokuwa unapita juu ya paa, na mimi katikati nasikia wote wawili kuliko walivyosikiana wenyewe. Nikauunga, nikautilia maneno, nikauita Dirisha la Pili kwa sababu ya upande wa yule msichana.

Nani alinipa ruhusa? Hakuna. Ulipita chumbani kwangu kila asubuhi bila hodi, kama unavyolalamika kwamba wangu umepita kwenu. Nimeulea, nimeuimba mbele ya walevi na mbele ya wafiwa, na umenilisha. Radhi siombi.

Ila nakwambia hili, na umwambie mama yako. Watu hawalilii nusu ya fundi. Nusu ya fundi ni swali, na swali yeyote anaweza kuuliza. Wanalilia jibu. Nimetunga nyimbo maisha yangu yote na sijatunga kitu kilichofikia jibu la yule msichana wa vibanio. Kisha siku moja hakujibu tena. Fundi akawa anaanza kila asubuhi, anangoja, upande wa pili kimya. Nilidhani msichana amekufa. Kama baba yako alikuwa na mwanamke, basi ni huyo. Mtafuteni mumuulize aliacha kwa nini, na mimi mniache nipumzike.

Chiriku

*

Jumanne, 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usinigombeze, nilikuwa nimeshamwandikia kabla barua yako ya kunikataza haijafika. Jibu lake nimelitia humu. Lisome lote, usiache katikati kwa hasira.

Bibi mzaa Baba alikuwa anapenda kukutangazia mbele ya wageni kwamba mwanawe alikutoa kwenye mashuka ya dobi. Kaka zangu mpaka leo wanamwigiza. Kwa hiyo najua ulifanya kazi wapi ujanani. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kukusikia ukipiga mluzi. Wewe ndiye uliyenifinya sikio siku nilipopiga mluzi jikoni, ukaniambia msichana hapigi mluzi, nikakuamini mpaka nimekuwa mtu mzima, hata kule kwenye ngazi nilikuwa natazama nyuma kama mwizi.

Mama, ni wewe? Na kama ni wewe, kwa nini tumezika nusu moja na nyingine mmetuficha? Nina haki ya kukasirika. Ule ulikuwa wimbo wa kwetu, na mimi nimeupata kwa mashine, kutoka kwa mgeni.

Mwanao,
Kitindamimba

*

Jumatatu, 8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ni mimi.

Sufuria nimeiondoa juu ya simu, nimeusikiliza wimbo. Nusu ya baba yako niliisikiliza nimekunja uso. Ilipofika pale pa kukatika nikasema, haya, tuone huyo mwanamke kaweka nini. Kaweka yangu. Kila kona. Kuna mahali karibu na mwisho nilikuwa navuta pumzi kwa sababu kicheko kilikuwa kinanibana, naye amevuta pumzi palepale. Nilikasirika mpaka nikainuka kitini. Ni mwizi mkubwa. Mwandikie umwambie hivyo, kisha umshukuru kwa kuutunza, lakini uanze na mwizi.

Unauliza niliacha kwa nini. Niliacha kwa sababu niliolewa. Katika siku zangu za kwanza nyumbani kwa bibi yako, baba yako alirudi kazini jioni, akapiga nusu yake langoni, nami nikamjibu kutoka jikoni, kwa nguvu, kwa furaha yangu yote. Bibi yako akaweka mwiko chini. Akasema, "Tumeoa mke hapa, hatukuoa mchunga ng'ombe. Mke wa mtu hapigi mluzi." Wifi zangu wakacheka. Baba yako alikuwa ameshafika mlangoni, akasikia, akatazama viatu vyake. Nikafunga mdomo, maana nilikuwa msichana na nilitaka kupendwa katika nyumba ile. Bibi yako alipokufa hakuna aliyekuja kuniambia kwamba sheria yake imekufa naye. Kule kwa dobi nako sikurudi, kwani walisema mke wa fundi hafui mashuka ya watu. Walinichukulia kazi, wakanichukulia na mdomo, halafu wakaniita mkwe mtulivu. Nikakaa nikasifiwa utulivu.

Hayo nilikuwa nimeshayameza. Lililonikaa kooni ni jingine.

Jioni zote zile alipiga nusu akanyamaza. Ninyi mkadhani anawaita mkamfungulie. Mimi nikadhani ni mazoea tu, kama mtu anayekohoa kabla ya kuingia. Lango letu jioni lilikuwa bado halijatiwa kufuli, mwanangu. Angeweza kusukuma. Alikuwa ananingoja nimalizie. Hata mama yake alipokuwa kaburini, hata ninyi mlipokua mkaondoka na hakuna tena wa kugombania kumfungulia, alisimama pale nje na mkoba wake wa vyuma, akapiga, akangoja, kisha akaingia akaniuliza kama chakula kimeiva. Na ile redio, sasa nadhani aliizima kwa sababu hakutaka kusikia mwingine akimjibu.

Kwa nini hakusema? Mtu na mdomo wake. Spika iliyokufa anaifungua anaifanya iseme, mke wake akamwacha kimya. Ilikuwa ni neno moja tu. Angekuja jikoni siku moja akasema, "Mama hayupo, nijibu." Nina hasira naye kuliko nilipodhani ana mwanamke. Ya mwanamke ningesamehe, watu husamehe hayo kila siku. Lakini kunifanya niwe mnyimi maisha mazima bila mwenyewe kujua, kila jioni nikimnyima huku napakua, hilo sitalisamehe upesi. Nilivyompenda, sikustahili kufanyiwa hivyo.

Mchonga mawe nimemwambia aendelee. Aandike mwaminifu, maana kwa kosa hilo sina pa kumshika, na baba mwema kama mnavyotaka ninyi. Ile nafasi ya kando yake iacheni, ni yangu. Nina maneno na mtu huyo, na siwezi kuyapayuka kutoka kule kwenye magugu.

Jana jioni nilikwenda nikasimama langoni, upande wa ndani. Midomo imekauka na meno si yale, mwanzoni ilitoka hewa tupu. Nikalamba midomo nikajaribu tena. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza kuna nini, mama mzima na mluzi, watu watasemaje. Nikamwambia waseme. Nikamwambia kuna mtu nimechelewa kumjibu na yeye ananikatiza. Alipoendelea kunitazama nilimgeuzia mgongo, nikaanza upya, kuanzia pale baba yako alipoachia.

Mama yako